Bodingi ya Marekani: tunayoambiwa na tunayoyakuta

Nyumba yangu imo ndani ya bweni. Mlango wa jikoni unatazamana na chumba cha kufulia nguo cha wasichana, na mashine huzunguka mpaka saa nne usiku. Hii ni sekondari ya bweni huku New Hampshire. Nafundisha, na sehemu ya kazi yangu ni ulezi wa bweni. Simu zinanijia kutoka Dar, Mombasa, Bujumbura, hata Muscat: nifanyeje mwanangu aje huko? Na karibu kila anayepiga ana jambo aliloambiwa na mtu, ambaye naye aliambiwa na mtu.

"Akae kwa mjomba wake Ohio, asome shule ya serikali bure"

Hii ndiyo naisikia kuliko zote, nayo ndiyo imewapotezea watu fedha. Sheria ya Marekani ya mwaka 1996 iliufunga mlango huo. Mwenye viza ya mwanafunzi, ile ya F-1, haruhusiwi kabisa kusoma shule ya msingi ya umma. Sekondari ya umma anaruhusiwa, lakini isizidi miezi 12, na lazima alipe gharama yote ya masomo, fedha ambayo mtoto wa jirani wa mjomba halipi hata senti yake. Kumleta kwa viza ya matembezi halafu kumwandikisha shule ni kuvunja masharti ya viza, na doa hilo atalikuta siku nyingine akiomba tena.

Shule binafsi hazibanwi na ile miezi 12. Ndiyo maana watoto wa kigeni wamejaa kwenye bodingi. Si kwamba wote walikuwa na hamu ya kulala bwenini.

Hapo mtu hunijibu: mbona binti wa fulani wa Unguja alisoma shule ya serikali na hakulipa kitu? Kweli. Huyo alikwenda kwa YES, mpango wa serikali ya Marekani ulioanzishwa mwaka 2002 kwa ajili ya vijana wa nchi zenye Waislamu wengi. Kenya na Tanzania zimekuwa zikishiriki. Wanakuja kwa viza ya J-1, wanaishi na familia mwenyeji, wanasoma mwaka mmoja, wanarudi nyumbani. Ni njia nzuri, ila ni njia nyingine kabisa. Na mtoto ambaye mzazi wake mwenyewe yuko huku kwa viza ya masomo au kazi, naye akaja kama mtegemezi wake, anasoma shule ya umma kama wenzake. Mzazi, lakini. Mjomba hahesabiki.

"Ni za matajiri tu." "Ukiwa na akili wanakuchukua bure."

Dhana mbili zinazopingana, na nimewahi kuzisikia kutoka kwa mtu mmoja katika simu moja.

Ada si mchezo. Phillips Academy ya Andover, Massachusetts, iliyoanzishwa 1778, na Phillips Exeter ya hapa New Hampshire, iliyoifuata 1781, kila moja hutoza mwanafunzi wa bweni karibu dola 70,000 au zaidi kwa mwaka. Lakini shule hizi kongwe zina wakfu, kwa maana ileile wanayoijua watu wa pwani: wahitimu wa zamani waliacha mali, mali imewekezwa, na faida yake inawalipia wengine. Andover tangu 2007, na Exeter tangu 2021, zimetangaza kwamba uwezo wa kulipa hauangaliwi wakati wa kuamua nani aingie. Shule nyingi nyingine huuangalia, tena kwa mtoto wa kigeni ndiyo zaidi, kwa sababu fungu lao ni dogo.

Wengi hawajui kwamba, kwa sehemu kubwa, msaada huo hupimwa kwa mfuko wa mzazi. Kuwa wa kwanza mkoa mzima kunaweza kukupa nafasi. Ada ni hesabu nyingine. Mzazi anajaza fomu ndefu: mshahara, duka, shamba, nyumba aliyopangisha, watoto wangapi wengine anawasomesha. Baba mmoja aliona haya kuandika kipato chake halisi, akakipandisha kidogo ili mwanawe asidharauliwe. Msaada ukaja mdogo kwa kiasi kilekile cha fahari yake. Ilibidi aandike barua ya kujikana.

Na hata msaada ukiwa mnono, uliza unafika wapi. Tiketi ya ndege? Bima ya afya, ambayo ni lazima? Koti la baridi na viatu vya theluji? Ada ya SEVIS, mfumo wa serikali wa kuwasajili wanafunzi wa kigeni, ya dola 350 na ya kuomba viza ya dola 185 utazilipa kabla hujaliona jengo la shule. Wakala akikwambia anauza "nafasi", kata simu. Nafasi hutolewa na shule yenyewe.

"Barua ya shule ikishafika, viza ni kugongewa muhuri tu"

Hapana. Afisa wa ubalozi anaanza kwa kudhani kwamba mwombaji anataka kuhamia moja kwa moja, na ni kazi ya mwombaji kumwonyesha vinginevyo. Milioni zilizoingia benki juzi hazimbabaishi. Na kuna mambo yaliyo juu ya mtoto na shule yake: Juni 2025 Marekani ilisitisha kutoa viza za wanafunzi kwa raia wa Burundi, na orodha za namna hiyo hubadilika. Zitazame kabla hujalipa chochote.

"Amalize kidato cha nne kwanza"

Akimaliza atakuwa amechelewa. Sekondari yao ni miaka minne, darasa la 9 hadi la 12, na wengi huingia la 9 au la 10. Maombi hufungwa katikati ya Januari au mwanzoni mwa Februari, majibu ya shule nyingi hutoka Machi 10, na masomo huanza mwisho wa Agosti au Septemba.

"Bodingi kule ni za watoto watukutu"

Hii ni dhana ya Wamarekani wenyewe, maana wengi wao hawajawahi kulala bwenini, na kwao kumpeleka mtoto bodingi kunasikika kama adhabu. Shule za kurekebisha tabia zipo. Ni kundi jingine, usizichanganye na hizi. Sisi tuliobeba sanduku la bati na ndoo hatuhitaji kuelezwa kwamba bweni ni bweni tu.

"Kiingereza chake kizuri, kwa hiyo mambo yatakwenda"

Hapa nitakaa kidogo.

Miaka michache iliyopita alikuja msichana kutoka Korogwe. Usiku wa kwanza aliniamkia shikamoo akiangalia ncha za viatu vyangu. Madaftari yake yalikuwa yamefunikwa kwa karatasi ya kaki, kona zimekunjwa sawasawa. Kiingereza chake cha kuandika kiliwapita Wamarekani kadhaa wa ghorofa yake. Katikati ya muhula ripoti ikaja: fasihi, alama mbaya. Maelezo ya mwalimu: haonekani kusoma kitabu.

Nilikiona kitabu chenyewe. Kila ukurasa ulikuwa na penseli.

Tatizo lilikuwa meza. Mwaka 1930 tajiri Edward Harkness, ambaye utajiri wa familia yake ulitoka kwenye mafuta, aliipa Exeter fedha nyingi ili waache kufundisha kwa mistari ya madawati. Wakatengeneza meza ya umbo la yai, wanafunzi kama 12 wakaizunguka pamoja na mwalimu. Mwalimu hahutubii, wanafunzi wanajadiliana, yeye anasikiliza. Mtindo huo umeenea kwenye shule nyingi, yetu ikiwemo. Mwenzangu wa fasihi huwa na karatasi aliyochora hilo yai, majina pembeni, na kila mtu anaposema anavuta mstari kutoka jina hadi jina. Mwisho wa kipindi karatasi inafanana na utando wa buibui. Alinionyesha ya siku hiyo. Jina la binti yetu lilikuwa limekaa peke yake, halina mstari hata mmoja.

Nikamwita jikoni, nikampa chai. "Mwalimu," akaniambia, "yule mvulana alikosea, na mwalimu wake alimsikia akanyamaza. Mimi ni nani nimsahihishe?" Alikuwa anangoja kutajwa jina. Ndivyo alivyolelewa, nami pia: anayedakia mazungumzo bila kuulizwa ni kimbelembele, na mtoto anayempinga mtu mbele ya mkubwa amekosa adabu. Adabu hiyohiyo, ukiiweka kwenye ile meza, inasomeka kama uvivu.

Tulikubaliana jambo dogo: aende na swali moja lililoandikwa, na aseme ndani ya dakika tano za mwanzo, kabla moyo haujaanza kwenda mbio. Wiki mbili hakuweza. Ya tatu alimwambia yule mvulana, "Ukurasa wa 41 hausemi hivyo," na darasa zima likafungua ukurasa wa 41. Karatasi ya siku ile mwenzangu aliniletea. Mstari mmoja, mzito, kalamu ilikuwa imekandamizwa.

Mzazi anayeniuliza amwandae mtoto vipi, siku hizi namwambia amwache abishane naye mezani. Wengine hawapendi jibu hilo.

Na jambo moja linalowaponza wazuri: kuandika maneno ya kitabu neno kwa neno, kama tulivyofundishwa kukariri, huku ni kosa la kinidhamu. Niliwahi kukaa kwenye kikao cha mtoto aliyedhani amejibu vizuri sana.

"Kovu la sindano si kitu"

Chanjo ya BCG tuliyochomwa begani tukiwa wachanga inaweza kufanya kipimo cha kifua kikuu cha ngozini kivimbe hata kama mtoto ni mzima. Omba kipimo cha damu, na mtoto aje na kadi yake ya kliniki, siyo picha ya simu isiyosomeka.

"Shule itakuwa naye mwaka mzima"

Mabweni mengi hufungwa wakati wa Thanksgiving, Alhamisi ya nne ya Novemba, yakafungwa tena Desemba na Machi. Mtoto alale wapi? Familia za wanafunzi wenzake huwachukua, ndugu pia. Lowell, Massachusetts, ina Wakenya wengi, na wapo watoto wetu wanaorudi kutoka huko na chapati kwenye mfuko. Lipange jambo hili Agosti. Novemba nitakuwa nahangaika mimi.

"Akimaliza hapo ni Harvard moja kwa moja"

Rais John F. Kennedy alimaliza bodingi ya Choate, Connecticut, mwaka 1935, akaishia Harvard, na watu wamebaki na picha hiyo. Leo hakuna shule yenye mlango wa siri. Tena swali la fedha linaanza upya: vyuo ambavyo haviangalii uwezo wa mwombaji wa kigeni, kama Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst, vinahesabika, na dunia nzima inaviomba. Fomu aliyoijaza baba kwa haya miaka minne iliyopita, ataijaza tena.

"Tutaongea kila siku"

Prepu inaanza saa mbili usiku hadi saa nne, simu zimewekwa kwenye kikapu mlangoni kwangu. Prepu ikiisha hapa, Korogwe ni saa kumi na moja alfajiri, na mama yake yule binti alijizoesha kuamka muda huo. Halafu Jumapili ya kwanza ya Novemba Marekani hurudisha saa nyuma, na hakuna aliyemwambia. Akapiga saa kumi na moja kama kawaida. Hapa ilikuwa saa tatu tu. Nilisikia simu ikiunguruma ndani ya kikapu, ikakatika, ikaunguruma tena. Mara ya nne nikaipokea mwenyewe.