Fremu ya turubai huanzwa ikiwa imekunjwa

Gari lilikuja na breketi mbili tu, yaani vishikizo vya chuma vya paa lake la turubai la kukunja. Moja kulia, nyingine kushoto, kila moja imekazwa kwa skrubu nne nyuma ya mlango, na tundu lake la pini limelika hadi likawa na umbo la yai. Hayo ndiyo masalia ya paa zima. Pinde za mbao zinazobeba turubai zilishaoza zamani, na mikono ya chuma inayozishika pinde hizo bila shaka iliishia kwenye chuma chakavu.

Lingekuwa Ford Model A, kazi ingekuwa kuagiza tu, maana vyuma vya paa lake hadi leo vinatengenezwa upya na kuuzwa. Hili ni gari la wazi la viti viwili la mwishoni mwa miaka ya 1920, na bodi yake ilijengwa kwa mkono. Hakuna la pili la kunakili. Mwenye gari aliniletea picha moja ya kale, paa likiwa juu, akaniambia, "Fundi, fanya lifanane na hii."

Hapo ndipo wengi wanapopotea, na mimi nilipotea kabla yao. Fremu ya kwanza niliyoitengeneza bila kielelezo niliifuatisha picha kama hiyo. Ilisimama vizuri mno, mpaka nikaikunja. Upinde wa pili uligonga ukingo wa bodi ukiwa umebakiza kiganja kizima kushuka, na mikono ikatokeza juu kama miguu ya panzi. Niliikata yote.

Paa likiwa juu lina uhuru mwingi. Upinde ukisogea milimita 20 mbele au nyuma, turubai litaficha na hakuna atakayejua. Likiwa limekunjwa halina uhuru wowote: lazima liingie nyuma ya kiti, kati ya kuta mbili za bodi, chini ya kimo fulani, na pinde zilaliane bila kubana kitambaa. Kwa hiyo siku hizi naanza huko chini. Napanga kwanza pinde zilizolala, kisha ndipo nauliza zitasimama vipi.

Kabla ya penseli, soma bodi. Nilipokwangua rangi upande wa ndani, nyuma ya breketi ya kushoto, nilikuta mkwaruzo wenye umbo la tao, umechimbwa na kitu kilichopita hapo mara nyingi sana. Tao ni ushahidi bora kuliko picha. Chagua nukta tatu juu yake, ziunganishe kwa mistari miwili, kisha kila mstari ugawe nusu kwa mstari mwingine wa pembe mraba. Hiyo miwili ya mwisho inapokutana ndipo kilipo kitovu cha tao, yaani egemeo, mahali pa kuzungukia, la mkono uliochora mkwaruzo. Kitovu changu kiliangukia milimita 14 juu ya tundu la breketi. Nilipima tena, nikapata 14 ileile. Nikaifungua breketi na kuitazama mezani: tundu la pini halikuwa katikati, lilikuwa limekaa milimita 7 upande mmoja. Mtu aliwahi kuifungua akairudisha kichwa chini miguu juu, na skrubu nne zilizopangwa mraba hazikumzuia. Nikaigeuza, na tundu likakaa juu ya kitovu sawasawa.

Picha nayo ina kazi yake, ila ipimwe kwa kitu kinachojulikana. Mimi hutumia umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Kwa mfano wa Model A, umbali huo ni inchi 103.5, takriban milimita 2629. Ukiwa milimita 131.5 kwenye picha, basi kila milimita ya picha ni karibu milimita 20 za gari. Picha iwe imepigwa kutoka ubavuni, kwa mbali. Magurudumu siyaamini sana kwa kipimo, kwa sababu hubadilishwa. Model A yenyewe ilikuwa na rimu za inchi 21 mwaka 1928 na 1929, kisha za inchi 19 kuanzia 1930, na kuna magari mengi barabarani yaliyovaa viatu vya wenzao.

Sasa mchoro. Nachora ubavu wa gari kwa ukubwa halisi juu ya plaiwudi. Kila upinde nauchora mara mbili: ulipolala na uliposimama. Tuseme upinde mkuu una nukta A na B zikiwa juu, na nukta zilezile ni A1 na B1 zikiwa chini. Unganisha A na A1, gawa nusu kwa pembe mraba. Fanya vivyo hivyo kwa B na B1. Mistari inapokutana, hapo upinde unaweza kuzunguka kwa pini moja tu na ukatoka kulala hadi kusimama bila hesabu nyingine.

Bahati hiyo ni ya upinde mkuu. Pinde nyingine mara nyingi zinakupa egemeo lililo angani, juu ya mlango, mahali ambapo huwezi kufunga kitu. Usikate tamaa. Tumia mikono miwili badala ya mmoja: mkono unaoshika A unaweza kuegemezwa popote kwenye mstari unaogawa A na A1, na unaoshika B popote kwenye ule unaogawa B na B1. Utakuwa na nafasi tele za kuchagua. Wala si lazima egemeo liwe kwenye bodi. Linaweza kuwa juu ya mkono mkuu, mradi uuhesabu mkono huo kama ndio uliotulia wakati unachora.

Ila mchoro unajua mwanzo na mwisho tu, safari ya katikati haujui. Mikono miwili inaweza kukwama njiani, au kupindukia upande usiotaka. Ndiyo maana nakata mikono ya kadibodi ngumu, naifunga kwa pini za ofisini juu ya plaiwudi, nakunja na kukunjua. Kwa gari hili nilikata seti sita za kadibodi. Ya tano ilikuwa nzuri kabisa ila ilipitia mahali kilipo kichwa cha dereva.

Mkono wa mbele una kiungo katikati kama goti. Paa likinyooka, goti lipite kidogo mstari ulionyooka, milimita 4 au 5 zinatosha, kisha likae kwenye kizuizi. Hapo mvuto wa turubai unalikaza badala ya kulikunja. Likiachwa kabla ya mstari, shimo la kwanza barabarani litakushushia paa kichwani.

Chuma ni kazi ya kawaida: vyuma bapa vya milimita 6, keekee, tupa, subira. Nitaje mambo mawili tu. Kwanza, viungo. Ribiti ikipigwa moja kwa moja inajaza tundu na kubana mikono, kiungo kikawa kigumu. Natumia ribiti yenye bega, yaani sehemu nene ya shina, ili nyundo iishie kwenye bega, na kati ya mikono naweka washa ya shaba na karatasi iliyolowa mafuta. Baada ya kupiga, karatasi inachomolewa vipande vipande na kiungo kinabaki na uhuru mdogo tu. Pili, maegemeo ya kulia na kushoto lazima yawe kwenye mstari mmoja. Bodi za kale hazilingani pande zote. Hii ilikuwa imeshuka kulia kwa milimita 9. Nilipitisha nondo nyoofu kutoka breketi moja hadi nyingine na kuweka vipande vya bati chini ya breketi mpaka nondo ikazunguka kwa vidole viwili. Bila hivyo fremu inajisokota kila inapokunjwa, na lawama zinaenda kwenye viungo visivyo na kosa.

Mbao za pinde ni za mti wa ashi, zilizokaushwa kwa hewa. Zilizokaushwa kwa tanuri huvunjika kwa urahisi zaidi zinapopindwa. Ili zipinde huwekwa kwanza kwenye mvuke, na kipimo cha mafundi ni saa moja kwa kila milimita 25 za unene. Mbao ikiwa moto inakubali kubanwa sana, lakini kuvutika inakubali kidogo mno, asilimia moja au mbili tu, kwa hiyo upande wa nje wa kona ndio unaopasuka. Dawa yake ni ukanda wa bati la chuma mgongoni mwa mbao, wenye vizuizi ncha zote mbili, ili nguvu yote iwe ya kubana. Ukishaitoa kwenye mvuke una sekunde chache tu, na hapo ndipo utagundua kama klampu uliziacha wazi au la. Ikunje kupita kiasi kidogo maana itajirudi, na iache kwenye kalibu siku kadhaa. Kona zilizonishinda nilizijenga kwa vipande vya milimita 3 na gundi ya epoksi, na sioni aibu. Chini ya turubai hakuna atakayetofautisha.

Pinde zisinyooke juu. Kila moja iwe na mgongo kidogo katikati, la sivyo mvua itafanya bwawa. Naweka ubao mwembamba unaopinda kutoka upinde wa mbele hadi wa nyuma. Ukigusa pinde zote bila kuacha mwanga chini yake, natulia.

Matundu ya mwisho, ya upinde wa mbele unaokaa juu ya fremu ya kioo, sikuyatoboa mpaka fundi wa turubai alipofunga ile mikanda ya kitambaa kizito inayoshika nafasi kati ya pinde. Mikanda ikikazwa inavuta kila kitu nyuma. Safari hii ilivuta milimita 6. Nilitia alama hapo, nikatoboa, kisha nikalikunja paa likiwa na mikanda yake. Likalala lote chini ya ukingo wa bodi, na kati ya upinde na upinde kidole changu kikapita.