Je, wajua kwa nini redio kuukuu za polisi na teksi hugeuzwa kuwa ripita?

Kwenye vilima vingi vya Marekani kuna ripita za redio ya ridhaa, yaani ya watu wenye leseni wanaowasiliana kwa kujifurahisha tu, ambazo moyo wake ni mtambo wa Motorola Micor au General Electric MASTR II, mitambo ya miaka ya 1970. Zamani ilikuwa redio ya upepo ya kituoni, ikiwahudumia polisi, zimamoto au madereva wa teksi. Leo inapokea sauti hafifu ya mtu aliye bondeni na redio ya mkono ya wati 5, na papo hapo inairusha upya kutoka kileleni ili wa mbali wamsikie. Redio mpya zipo tele na bei yake ni nafuu. Kwa nini basi watu wahangaike na chuma kizee?

Sheria ina mkono wake. Mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, FCC, iliwataka watumiaji wa kibiashara na wa usalama wa umma katika masafa ya 150–174 MHz na 421–470 MHz wahame kutoka chaneli za upana wa 25 kHz kwenda 12.5 kHz kufikia tarehe 1 Januari 2013. Mitambo ambayo haikuweza kubanwa iingie kwenye chaneli hizo nyembamba ikaondolewa. Agizo hilo halikuwahusu wanaredio wa ridhaa, kwa hiyo kilichokuwa marufuku kwa polisi kilibaki halali kwao, tena kizima.

Lakini sababu kubwa ni ya kiufundi. Redio ya kituoni huzungumza au husikiliza, haifanyi yote mawili kwa pamoja. Ukibonyeza kitufe, rilei, swichi inayoendeshwa na umeme, huihamishia antena kwenye transmita, sehemu inayorusha, na risiva, sehemu inayopokea, hunyamazishwa. Ripita haina anasa hiyo. Kwa jozi ya masafa iliyozoeleka sana Marekani, inasikiliza 146.34 MHz huku ikirusha 146.94 MHz, tofauti ya 600 kHz tu. Risiva nzuri hunasa ishara ya 0.25 mikrovolti. Transmita ya wati 25 iliyo kando yake ina nguvu kuizidi ishara hiyo mara 2 ikifuatwa na sufuri 16! Ni sawa na kutega sikio usikie mnong'ono wa mtu aliye ng'ambo ya mto huku wewe mwenyewe unapiga kelele.

Hapo ndipo mzee anapoonyesha thamani yake. Mlangoni mwa risiva ya MASTR II kuna koili zilizofungwa ndani ya vyumba vya chuma, zinazochuja masafa yasiyotakiwa kabla hayajafika kwenye transista ya kwanza. Redio ndogo za bei nafuu hazina mlango wa namna hiyo. Ukiziunganisha mbili kufanya ripita, mara nyingi moja huiziba nyingine masikio. Pia transmita ya kituoni ina mapezi makubwa ya kupozea joto. Ripita inaweza kurusha mfululizo wakati watu wanapokezana maongezi, na redio ya gari huungua kwa kazi hiyo. Hata hivyo wajenzi makini huipunguza nguvu, wakijua kwamba mlimani hakuna fundi wa usiku.

Kazi yenyewe huanza kwa kutoa rilei ya antena na kuzitenganisha pande mbili, ya kurusha na ya kupokea. Kisha hubadilishwa kristali, kipande kinachopanga masafa ya redio: ya 12.245 MHz, ikizidishwa mara 12, hutoa 146.94 MHz kamili. Hufuata kidhibiti, kisanduku kinachowasha transmita risiva inaposikia mtu, kinachoikata akizungumza kupita kiasi, na kinachotaja alama ya kituo, yaani herufi na namba zinazokitambulisha hewani. Sheria ya Marekani inataka itajwe angalau kila dakika 10, na wengi hutumia Morse, milio mifupi na mirefu inayosimama badala ya herufi.

Kinachogharimu kuliko vyote ni dupleksa, mitungi ya chuma inayoziwezesha pande zote mbili zitumie antena moja. Robo ya wimbi katika 146 MHz ni kama sentimita 51, ndiyo maana mitungi hiyo ni mirefu, na sita kwa pamoja ni jambo la kawaida. Usibane matumizi hapa. Waya wenye ngao moja huvujisha mawimbi, na hata bolti yenye kutu mnarani huweza kuzalisha kelele inayorudi kwenye risiva. Nimeona watu wakilaumu redio kwa kosa la waya.

Kwa wenzetu wa Afrika Mashariki, wenye alama zinazoanza na 5H Tanzania na 5Z Kenya, mkanda huu wa masafa ya ridhaa ni 144–146 MHz, na jozi kama 145.000 na 145.600 MHz huacha nafasi ileile ya 600 kHz. Redio iliyoundwa kwa 150–174 MHz itabidi ishushwe zaidi, na baadhi huhitaji kuongezewa kapasita ndipo zikubali. Kibali kiombwe TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, au Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya kabla ya kuwasha transmita.