Gari Likizima Njiani, Usikimbilie Kuliwasha

Wateja wengi wanaoniletea gari linalozima ghafla, hapa gereji Mtwara, hufika likiwa limeshawaka. "Fundi, lilizima pale Mikindani, nikakaa kidogo, likakubali." Moyo huniuma nikisikia hivyo. Gari likiwa bado limezima, ugonjwa uko wazi na naweza kuupima. Likishawaka nabaki kubahatisha, na gharama ya kubahatisha anaibeba mwenye gari.

Usalama kwanza, tafadhali. Injini ikikata katikati ya mwendo, usukani unakuwa mzito, na breki inabaki na nguvu ya kukanyaga mara moja au mbili tu kabla pedali haijawa ngumu. Kanyaga mara moja na ushikilie, toka barabarani, washa hazadi. Usichomoe ufunguo gari likiwa bado linatembea, usukani utajifunga.

Halafu kumbuka limezimaje. Limekata papo hapo kama mtu aliyezima swichi, au limepungua nguvu, likajikwaa-jikwaa, ndipo likafa? La kwanza mara nyingi ni umeme, la pili mara nyingi ni mafuta. Kama dashibodi ina mshale wa raundi, ule unaoonyesha injini inazunguka kasi gani, utazame. Gari la gia za mkono likiwa bado linatembea na gia imo, matairi yanaendelea kuizungusha injini, kwa hiyo mshale ulipaswa kubaki juu. Mshale ukianguka sifuri hapohapo, shuku upande wa koili, inayotengeneza umeme wa cheche, au sensa ya krenki, inayosoma mzunguko wa injini, kabla hujagusa mafuta.

Msimu wa korosho uliopita, mzee mmoja mkulima wa Tandahimba aliniletea Toyota Carina ya injini 5A, ile yenye distribyuta, kifaa kinachogawa cheche kwa kila plagi. Ikitembea kama nusu saa inazima, ikipumzika inawaka. Alikuwa ameshabadilishiwa betri, plagi na pampu ya mafuta, na bado inazima. Nikamwambia, "Mzee wangu, leo hatufungui kitu. Tunaiendesha mpaka izime." Tukashika barabara ya Lindi, jua la saa nane mchana. Tulipoipita Mikindani ikakata, mshale wa raundi ukalala sifuri kabla hata mwendo haujapungua. Mzee akapeleka mkono kwenye swichi, nikamsihi asiiguse.

Nilikuwa na plagi ya akiba. Nikaichomeka kwenye waya wa plagi, chuma chake nikakiegemeza kwenye injini, mbali na mpira wa mafuta, mzee akapiga selfu. Hakuna cheche. Swichi ikazimwa, nikafungua distribyuta na kupima koili iliyomo ndani. Mita ikasema waya umekatika, wakati koili isiyo na ugonjwa ya aina hiyo, kwenye waya wake wa msingi unaopokea umeme wa betri, haizidi ohm 2 ikiwa baridi. Nikalowesha kitambaa, nikakikamua vizuri, nikaifunika koili na nyaya za mita nikiziacha palepale. Zikapita kama dakika kumi, namba ikaruka: ohm 1.4. Mzee aliiona kwa macho yake.

Waya mwembamba ndani ya koili ulikuwa umeachia. Ukipata joto, vitu vinatanuka na ncha zinaachana. Ukipoa, zinakutana tena. Pampu yake ya zamani haikuwa na kosa lolote, na hela ya korosho ilishakwenda. Jambo hilo bado linanisikitisha. Magari yasiyo na distribyuta huugua vivyo hivyo kwenye sensa ya krenki.

Ila kuna ugonjwa mwingine unaofanana na huo, nao huwadanganya mafundi wazuri. Kwenye mdomo wa pampu, ndani ya tangi, kuna chujio dogo. Kutu na mchanga vikivutwa vinaliziba, gari linajikwaa na kufa. Pampu ikisimama, uchafu unajiachia na kushuka, gari linawaka kana kwamba limepoa. Huu nauona sana kwa wanaopanda Newala na mzigo, maana mlimani injini inadai mafuta mengi, na kwa wanaonunua petroli ya chupa. Tofauti yake ni kule kujikwaa kabla ya kufa. Pima presha ya mafuta: kwa 5A natarajia psi 38 hadi 44, mpira wa vakyumu wa regyuleta, kifaa kinachodhibiti presha hiyo, ukiwa umechomolewa. Kabla ya hapo fungua mfuniko wa tangi; likivuta hewa kwa nguvu, tundu la kupumulia limeziba.

Na usiihukumu pampu kwa ukimya wake. Toyota nyingi za zamani pampu haivumi ukifungua swichi tu, inasubiri injini izunguke. Mtu apige selfu, wewe tega sikio kwenye siti ya nyuma.

Kama injini imezima na taa zote za dashibodi nazo zimepotea, achana na pampu na koili. Sisi tunaoishi na upepo wa bahari tunajua chumvi inavyokula chuma. Fungua boneti, utazame ule ukungu wa kijani kwenye terminali za betri, kisha fuata waya wa hasi mpaka unapofungwa kwenye bodi, uutikise. Magari kadhaa yaliyofika kwangu yakivutwa kwa kamba yameondoka yakitembea, na nilichotumia ni kipande cha msasa na spana namba 10.