Farasi hajui kwamba anachapwa kwa kosa la dakika tano zilizopita

Kuna ujumbe wa siku nyingi unaozunguka kwenye makundi ya mazungumzo: farasi akigoma, mrudishe bandani umchape, atajua kosa lake na atamtambua bwana wake. Si kweli.

Farasi huunganisha tendo na kinachofuata papo hapo, ndani ya sekunde moja au mbili. Akichapwa baadaye, hujifunza tu kuliogopa banda, au wewe.

Kinachomfundisha ni kulegezewa kamba papo hapo anapotii. Jaribu kumfundisha kurudi nyuma: simama ubavuni, usawa wa bega, uvute kamba aliyofungwa kichwani polepole kuelekea nyuma bila kuitikisa. Akihamishia uzito nyuma tu, hata kabla hajanyanyua mguu, legeza hapo hapo. Akirudiarudia, ataitikia mguso mwepesi zaidi. Ukilegeza akiwa ameinua kichwa, basi umemfundisha kuinua kichwa. Kosa hili ni la kawaida mno.

Watu huchanganyikiwa kwa sababu farasi aliyechapwa hutulia, wakadhani anajuta. Mwangalie vizuri: pua zimekakamaa, mdomo umebanwa, mkia umebanwa. Huo ni woga. (Weupe wa jicho pekee si ushahidi, wengine huzaliwa nao.)

Ukiletewa ujumbe huo, tafadhali usiusambaze.