Kariakoo si neno la Kizaramo

Juzi tena, kwenye kona ya barabara za Msimbazi na Uhuru hapa Dar es Salaam, mgeni niliyekuwa nikimtembeza alinihakikishia kuwa Kariakoo ni neno la kale la Kizaramo, na maana yake ni soko. Nimelisikia hili mara nyingi mno. Linaniuma kila mara, kwa sababu linafuta watu.

Jina limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Waingereza waliiteka Dar es Salaam kutoka kwa Wajerumani Septemba 1916, na wapagazi wakapigishwa kambi hapa. Mwingereza mwenyewe hazitamki p na s za mwisho za Corps, na Mswahili hamalizi neno bila irabu. Ndiyo maana ikawa Kariakoo. Soko lilikuja baadaye likarithi jina la kambi.

Na wapagazi walihitajika kwa nini? Mbung'o waliua farasi na ng'ombe, barabara za magari zilikuwa chache, kwa hiyo chakula na risasi za jeshi zima vilikwenda kichwani, zaidi ya kilo 20 kwa mtu, safari ya wiki kadhaa. Wengi walikamatwa vijijini kwa nguvu. Wakafa kwa makumi ya maelfu, na si kwa risasi hasa, bali kwa kuhara damu, malaria, nimonia na njaa. Sanamu ya vita ya Nairobi inaye mpagazi pembeni ya askari. Yetu ya pale Posta, ya mwaka 1927, ni askari peke yake na bunduki yake. Mpagazi wa Dar es Salaam amebaki kwenye jina la mtaa tu, halafu tunamwambia mgeni maana yake ni soko!

Mtu akikupa maana ya jina la mahali, muulize kwanza lilianza kutumika mwaka gani. Akianza kukatakata silabi badala ya kukujibu, usimwandike popote.

Wengine husema jina ni la Kijerumani. Mjerumani alikuwa ameshafukuzwa mjini lilipozaliwa.

Eti Nairobi waliiga jina la mtaa wao wa Kariokor kutoka kwetu. Hakuna aliyemwiga mwenzake: kikosi ni kilekile, kambi mbili.

Mnazi Mmoja nayo, ule uwanja jirani na Kariakoo, husemwa iliachwa wazi ili watu wapunge upepo. Waingereza waliiacha wazi kuitenga Kariakoo ya Waafrika na Uhindini. Simama katikati ya uwanja utazame pande zote mbili, utauona mpaka.

Na lile jengo la soko lenye paa kama miavuli ya zege, wanaloliita la mkoloni, lilisanifiwa na Mtanzania, Beda Amuli, likafunguliwa 1975. Ndilo lililoungua Julai 2021.