Season za Kikorea hazikufundishi Kikorea, sio kwa mnavyoziangalia

Jamani hili nimelisikia mpaka nimechoka. Mtu anakuja kwangu kusoma anasema "mwalimu mi Kikorea kinaingia chenyewe, naangalia season kila siku". Muulize anaangaliaje: anasoma sabtaito za Kiingereza, au ni zile DJ ametafsiri kwa Kiswahili juu kwa juu. Sasa hapo Kikorea umekisikiliza saa ngapi? Ukishapewa maana bure kwa lugha unayoijua, kichwa hakihangaiki na sauti tena, ndo maana miaka inapita una saranghae, oppa na aigo, basi.

Chukua kipande cha dakika 2 tu, zima sabtaito, sikiliza, halafu weka sabtaito za Kikorea, tafuta maneno usiyoyajua, rudia kwa sauti pamoja na muigizaji mpaka ulimi ukubali, hata kama nyumbani watakuona chizi. Hapo ndo utashtuka kwamba imeandikwa gamsahapnida (asante) ila wao wanatamka gamsahamnida, p ikikutana na n inageuka m, na hangukmal (lugha ya Kikorea) inatoka hangungmal. Mtu wa sabtaito za Kiingereza hawezi kuligundua hilo hata aangalie mpaka uzeeni.

Halafu sageuk, zile za wafalme, hakuna mtu Seoul leo anaongea vile. Hata za mapenzi nazo chunga, wale wanapigana banmal, yaani lugha ya kirafiki isiyo na heshima, kwa sababu ni marafiki, we unaenda kumwambia mzee wa watu "gomawo" (asante ya kishkaji), hiyo ni sawa na kumsalimia babu "mambo vipi" ukaacha shikamoo.

Mengine fasta. Eti maandishi ni kama ya Kichina: Hangul, yaani maandishi ya Kikorea, ina herufi za msingi 24 tu, mfalme Sejong aliitengeneza 1443 na kuitangaza 1446 ili watu wa kawaida waweze kusoma, ukikomaa wiki moja unasoma, kwa hiyo acheni kuandika Kikorea kwa herufi zetu (hapa naandika hivi ili tuelewane tu). Eti sarufi haiwezekani: kitenzi kinakaa mwisho, sawa, lakini hakibadiliki kwa mimi, wewe, yeye, na mtu anayesema "hatutawaambia" kwa neno moja anaogopaje viambishi? Eti ukiwa na TOPIK (mtihani wa Kikorea) levo ya 2 unaongea: TOPIK I, yenye levo ya 1 na ya 2, ni kusikiliza na kusoma, hamna kuongea wala kuandika humo. Eti hana, dul, set (moja, mbili, tatu) inatosha kuhesabia: saa ndo zinatumia hizo, dakika na hela ni il, i, sam (nazo ni moja, mbili, tatu), jifunzeni zote mbili kwa pamoja, mi hapo simvushi mtu.