Ramu ya molasesi: yanayosemwa Moshi na Arusha, na yalivyo

Kwetu Kibosho molasesi ilikuwa ya ng'ombe. Mama aliikoroga na maji kwenye ndoo, akainyunyizia mabua ya mahindi, na ng'ombe aliyegoma kula tangu asubuhi akala mpaka akaramba hori. Ilitoka kiwanda cha sukari cha TPC, Arusha Chini, ambako licha ya jina lake ni Moshi Vijijini, kwenye tambarare ya miwa kusini mwa mji. Uji ule mweusi ni mabaki ya miwa baada ya sukari kuganda na kutolewa. Mabaki hayohayo ndiyo yaliyozaa ramu, pombe kali ya miwa, katika karne ya 17, Barbados na visiwa jirani, kwenye mashamba yaliyoendeshwa kwa jasho la Waafrika waliopelekwa utumwani.

Siku hizi vijana wananifuata na swali moja: wameona video, wamepata dumu la lita 20 la molasesi, wanataka kupika ramu nyumbani na kuilaza kwenye pipa. Nimefanya kazi ya kuchachusha vinywaji kwa miaka mingi, na kinachonikosesha usingizi si hamu yao ya kujua. Ni kwamba wanaogopa pasipo na hatari, na penye hatari wanalala fofofo.

"Ya kunywa mwenyewe, sheria haihusiki"

Inahusika. Tanzania ina sheria ya mwaka 1966 juu ya pombe za kukeneka (zinazopatikana kwa kukusanya mvuke) zinazotengenezwa mitaani, na sheria hiyo inaiita pombe hiyo "moshi"; hilo ni jina la kinywaji, si la mji wetu. Kinachokatazwa ni kutengeneza bila leseni, uwe unauza au unakunywa na shemeji yako sebuleni. Kukutwa nayo tu ni kesi. Ukiita gongo yako "ramu" kwa sababu umetumia molasesi na ukaiweka kwenye chupa nzuri, haibadiliki kuwa kitu kingine mbele ya hakimu.

Mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, ni jambo jingine. Mbege inachachushwa, haikenekwi. Ukishaanza kuchemsha kilichochacha na kukusanya mvuke wake, umeingia kwenye sheria ile. Kwa hiyo ninayoyaeleza hapa ni ya kukuelewesha kilichomo ndani ya glasi, si ya kukuwashia jiko.

"Molasesi zote ni sawa"

Karibu nusu ya uzito wa molasesi bado ni sukari. Hamira inahitaji takriban gramu 17 za sukari kwa kila lita ili kupata asilimia moja ya kilevi. Piga hesabu mwenyewe: kilo 20 za molasesi zina sukari kama kilo 10, nazo kwa kipimo hicho, hata zikichacha zote, hazitoi lita 6 za kilevi halisi. Anayekwambia atapata madumu na madumu ya ramu kutoka kwenye dumu moja la molasesi, anakuuzia maji.

Nusu nyingine ndiyo yenye shida. Kiwanda kikivuna sukari mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, chumvi za madini zinabaki nyuma na kujikusanya, hasa potasiamu. Zikizidi, hamira inachoka kabla ya kumaliza kazi. Ndiyo maana molasesi ya kiwanda chenye ufanisi mkubwa ni nzuri kwa mwenye kiwanda na ngumu kwa mwenye ramu. Halafu kuna molasesi ya mifugo iliyokwisha kuchanganywa na urea. Hiyo imeandaliwa kwa tumbo la ng'ombe. Urea inapokutana na kilevi, na hasa kwenye moto, huzalisha kemikali inayotiliwa shaka ya kusababisha saratani. Isiguse kinywaji cha mtu.

"Ramu ni tamu kwa sababu ina sukari ya miwa"

Sukari haigeuki mvuke. Inabaki chini ya chungu. Ramu inayotoka kwenye bomba haina sukari hata kidogo, na ukiikuta tamu kama sharubati ujue iliongezwa baadaye.

"Ladha yote inatoka kwenye pipa"

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wanapomkosea heshima mchachushaji. Pipa linaongeza, halianzishi. Harufu ya ndizi mbivu unayoikuta kwenye ramu nyingine ni esta, kemikali ileile inayotoa harufu kwenye ndizi yenyewe, na mtu aliyekulia kihambani, kwenye migomba, anaijua hata akifumba macho. Esta huzaliwa pipa la kuchachushia likiwa bado linatoa povu, asidi zinapokutana na kilevi. Jamaika kuna viwanda vinavyoacha molasesi ichache kwa wiki nzima na zaidi, huku wakiirudishia mabaki machungu yaliyobaki chunguni kwenye upishi uliopita. Matokeo yake ni ramu yenye harufu ya nanasi lililoiva kupita kiasi, nzito mpaka inatumiwa kwa vipimo vidogo kukolezea nyingine. Kwingineko wanachachusha siku moja au mbili, na ramu inatoka nyepesi.

Mama zetu wanalijua jambo hili bila kulisomea. Mpishi mmoja wa mbege anajulikana kijiji kizima na mwingine hanunuliwi, na wote wametumia ndizi zilezile, ulezi uleule na msesewe uleule, lile gamba chungu la mti. Tofauti iko kwenye siku, kwenye joto na kwenye usafi wa chombo. Joto ndilo linalowashinda wengi mjini Moshi: chumba chenye bati, mwezi wa pili, kinaweza kuua hamira. Ikipita nyuzi 35 hivi inaanza kuteseka, na kinywaji kinanuka.

Kuna pia imani kwamba ukikeneka mara nyingi zaidi ramu inakuwa bora. Inakuwa kali zaidi na tupu zaidi. Mitambo mirefu ya viwandani inaweza kufikisha kilevi karibu asilimia 96, na hapo huwezi kutambua kama mwanzo wake ulikuwa miwa, mahindi au viazi.

"Mwaga kikombe cha kwanza, methanoli itaisha"

Hii ndiyo imani inayonitisha kuliko zote, kwa sababu ina harufu ya kisomi. Methanoli inachemka kwenye nyuzi 64.7 na ethanoli, kilevi tunachokunywa, kwenye 78.3. Mtu anaona namba hizo na kuhitimisha kwamba ya kwanza itatoka yote ikiwa peke yake. Ingekuwa hivyo kama zingekuwa kwenye vyungu viwili. Zikiwa zimechanganyika na maji mengi, methanoli hutoka kidogokidogo tangu mwanzo mpaka mwisho. Kikombe cha kwanza kina vitu vingine vyenye harufu ya dawa ya kuondolea rangi ya kucha, na ni vizuri kutokunywa, lakini si ngao.

Upande wa pili wa ukweli unawashangaza: molasesi yenyewe haizai methanoli ya kutisha. Methanoli hutokana na pektini, ile inayoifanya jamu igande, nayo imejaa kwenye matunda. Molasesi ina pektini kidogo sana.

Sasa wanaokufa na kupofuka wanatoka wapi? Kwa kawaida ni methanoli ya viwandani, inayotumika kama kiyeyusho, ambayo mtu ameinunua na kuimimina kwenye pombe ili iwe kali kwa bei rahisi. Jirani zetu Kenya walizika makumi ya watu Mei 2014 kwa sababu hiyo. Pombe iliyotiwa sumu hiyo haiokolewi kwa kumwaga kikombe, kuchuja kwa mkaa wala kuchemsha upya. Mnywaji anaweza kuonekana mlevi wa kawaida na kulala. Mara nyingi saa 12 hadi 24 baadaye ndipo yanapoanza maumivu ya tumbo, kuhema kwa kasi, na macho kuona ukungu. Ukiona macho ya mtu yana ukungu baada ya kunywa, usisubiri "hang'ova" iishe. Mpeleke hospitali saa hiyohiyo na useme wazi alichokunywa. Dawa ipo, lakini ni kazi ya daktari na inategemea kuwahi.

"Rejeta ya gari inapoza vizuri"

Inapoza mvuke ugeuke pombe, na inaua polepole. Rejeta nyingi za zamani zimeungwa kwa madini ya risasi. Mvuke wa pombe una asidi kidogo, na asidi hiyo inaimumunya risasi na kuishusha kwenye chupa. Huionji, huinusi. Inaingia kwenye mifupa, figo na neva, na kwa mama mjamzito inamfikia mtoto. Ongeza masalia ya dawa ya kuzuia kutu iliyokuwa ndani ya rejeta hiyo. Ningeambiwa nichague imani moja tu ya kuifuta mitaani kwetu, ningefuta hii.

Shaba nyekundu, ambayo watu hudhani ni pambo la wazungu kwenye picha, ina kazi ya kweli: inanasa salfa inayofanya pombe inuke yai bovu.

"Shikilia nyuzi 78" na "ikiwaka bluu ni safi"

Mbili kwa pamoja, maana zote ni za watu waliotazama video bila kuuliza. Nyuzi 78 ni za kuchemka kwa ethanoli tupu, usawa wa bahari. Molasesi iliyochacha na kufikia asilimia 10 haianzi kuchemka mpaka karibu nyuzi 93. Na hiyo ni Tanga, pwani. Arusha iko karibu mita 1,400 juu, maji yenyewe yanachemka kwenye 95 hivi, kwa hiyo kila namba ya kwenye video inashuka.

Moto nao unaeleza jambo moja tu: kwamba kilevi ni kingi kuliko maji ya kukizima. Ethanoli inawaka bluu, methanoli inawaka bluu hafifu, na mchanganyiko wao unawaka bluu. Na anayewasha kibiriti karibu na mvuke wa pombe jikoni, kwenye mtungi wa gesi, anacheza na maisha ya waliolala chumba cha pili.

"Nyeusi ndiyo ya miaka mingi"

Ramu yote hutoka kwenye bomba ikiwa nyeupe kama maji. Rangi ni ya mti, au ya sukari iliyounguzwa na kutiwa baadaye. Ramu ya mwaka mmoja inaweza kuwa nyeusi kama kahawa, na ya miaka mitatu ikachujwa kwa mkaa ikarudi nyeupe. Umri hausomwi kwa macho. Na ikishaingia kwenye chupa imesimama hapohapo: chupa ya ramu aliyoiacha marehemu babu kabatini mwaka 1985 haijazeeka hata siku moja.

"Pipa ni pipa"

Fundi mmoja wa Njiro aliniambia atanitengenezea pipa la mgrivea kwa bei nzuri. Nilimshukuru nikakataa. Mwaloni hautumiki kwa mazoea tu. Vinyweleo vya mwaloni mweupe vimezibwa kwa ndani na mti wenyewe, ndiyo maana unashika kimiminika bila kupakwa kitu. Ukichomwa kwa moto, mbao zake hutoa vanila, harufu ya karameli na ya nazi. Mgrivea una kemikali zinazowasha hata ngozi za mafundi, na mkaratusi una mafuta utakayoyaonja kuliko ramu. Pipa la plastiki la maji usilitaje kabisa. Kilevi kikali kinalamba plastiki.

Mapipa mengi ya ramu duniani yalianza kazi Marekani. Sheria yao inataka wiski ya bourbon ilazwe kwenye mwaloni mpya uliochomwa, kwa hiyo pipa la lita 200 likishatumika mara moja linauzwa, na visiwa vya Karibi ni wateja wakubwa.

Pipa linapumua pia. Uskoti, kwenye baridi, wanapoteza kama asilimia 2 ya wiski yao kwa mwaka. Wenyewe huita fungu la malaika. Karibi hupotea asilimia 6 na zaidi. Kwa asilimia 6, baada ya miaka 10 pipa limebaki na nusu na kidogo. Kwa hiyo anayetaka kuilaza ramu miaka 20 kwenye joto la Moshi, kama wafanyavyo Waskoti, atafungua pipa na kukuta mbao zenye uchungu.

"Kidogo tu, upate joto"

Hii ni ya Julai, Arusha, na ya wanaopanda Mlima Kilimanjaro. Ramu hufungua mishipa ya ngozi, damu ya moto inakuja juu, unahisi joto, na joto hilo linakutoka. Mwili wa ndani unapoa. Kambini Barafu, kule juu mlimani, hilo si jambo dogo.

Kwa anayependa ramu na hataki kesi, ipo njia ninayoitumia mwenyewe: nilinunua ramu nyeupe dukani, iliyolipiwa ushuru, nikaitia kwenye pipa la mwaloni la lita 5. Pipa dogo hivyo lina eneo la mbao kama mara tatu na nusu kwa kila lita kuliko la lita 200, kwa hiyo linakolea haraka mno. Mara ya kwanza niliiacha miezi sita nikapata chai ya mbao. Sasa naionja kila wiki na kuitoa mapema, na pipa naliweka chumba cha nyuma kisichopigwa na jua. Likikaa tupu wiki mbili linasinyaa na kufungua nyufa, kwa hiyo kabla ya kulijaza tena nalilaza na maji safi siku mbili au tatu, mpaka liache kuvuja.